Klabu tisa, nchi saba, miaka kumi: mchezaji wa kikapu wa namna hii kafaulu au kafeli?

#1 Mpira Juu
Habari zenu. Kuna mtu nabishana naye tangu juzi nikaona nilete hoja hapa. Yeye anasema mchezaji wa kulipwa wa kikapu anayebadili klabu kila msimu, leo Israeli, kesho Ugiriki, keshokutwa Ufilipino, ni mtu asiyetakiwa popote. Angekuwa mzuri, anasema, wangemng'ang'ania. Mimi nakataa, na mfano wangu ni P.J. Tucker. Phoenix Suns walimchagua mwaka 2006 kwenye drafti, ule utaratibu wa timu za NBA kugawana vijana wapya kwa zamu, hakudumu NBA, akaondoka. Kazunguka Israeli, Ukraine, Ugiriki, Italia na Ujerumani. Mwaka 2012 karudi NBA, na 2021 kabeba ubingwa akiwa na Milwaukee Bucks. Kama hakutakiwa, nani alimwita?

Naomba mnisaidie: kwa nini hawa watu hawatulii? Wanafukuzwa, wanaondoka wenyewe, au kuna jambo silijui?

#2 Mzee wa Takwimu
Mkuu, rekebisha hapo. Waliomchagua Tucker 2006 ni Toronto Raptors, nafasi ya 35 kwenye drafti. Phoenix ni timu aliyorudi nayo NBA 2012.

Na huko nje hakuwa msindikizaji. Mwaka 2008 Hapoel Holon walitwaa ubingwa wa Israeli mbele ya Maccabi Tel Aviv, na Tucker akawa mchezaji bora wa ligi. Msimu uliofuata yuko Ukraine. Mwaka 2012 kachukua ubingwa wa Ujerumani na Bamberg, akawa mchezaji bora wa fainali. Miezi michache baadaye yuko Phoenix. Mara zote mbili kaondoka akiwa bingwa, kwa hiyo neno "wanafukuzwa" halimgusi.

#3 Ribaundi
Mnachagua mfano wa aliyerudi. Kwa Tucker mmoja kuna mamia ambao hawakurudi. Hasheem Thabeet je? Nafasi ya pili kwenye drafti ya 2009, Memphis Grizzlies, urefu mita 2.21. Leo hii ukimtaja watu wanasema alipotea baada ya 2014.

#4 Asha Pasi Ndefu
Ribaundi, hakupotea hata kidogo. Mwaka 2014 ndio mwisho wake NBA, akiwa Oklahoma City. Baadaye kacheza Yokohama B-Corsairs kule Japani, kisha akaenda Taiwan na Hsinchu Lioneers. Ni sisi tuliozima televisheni tukadhani na yeye kazima. Hili linaniuma kweli. Mchezaji akitoka kwenye ligi tunayoitazama tunamzika akiwa hai, na kumbe bado anaamka alfajiri kwenda mazoezini na analipwa kwa jasho lake.

#5 Msomi wa Mikataba
Nirudi kwenye swali la #1. Anzieni kwenye nafasi za wageni. Karibu kila ligi ina idadi. Ujerumani, kwa mfano, timu ikiandika wachezaji 12 lazima 6 wawe Wajerumani. Ligi nyingi za Asia zinaruhusu wageni wawili au watatu tu, na nyingine haziruhusu wote wawe uwanjani kwa wakati mmoja.

Sasa fikiria wewe ni klabu yenye nafasi mbili. Wazawa unakaa nao miaka mitano, ndio msingi wa timu. Wageni unawatumia kuziba mapengo. Mwaka huu senta wako mzawa, yule mrefu wa chini ya pete, kastaafu, unatafuta senta mgeni. Mwakani mmepata kijana mrefu wa nyumbani, unatafuta gadi mfungaji, yule wa kurusha kutoka nje. Yule senta wa mwaka jana hana kosa lolote, labda kacheza vizuri kuliko wote, lakini pengo lake limezibwa. Ndiyo sababu mkataba wa mgeni huwa wa mwaka mmoja.

#6 Kona Tatu
Na kuna ligi zinapima hadi urefu! Niliwahi kusikia Korea Kusini walimkatalia mtu kwa sababu ni mrefu mno. Kwenye kikapu! Nikadhani ni hadithi ya vijiweni.

#7 Mzee wa Takwimu
Si hadithi. Msimu wa 2018–19 ligi ya Korea Kusini iliweka sheria kwamba mgeni asizidi sentimita 200, na wa pili asizidi 186. David Simon, ambaye ndiye aliyeongoza kwa kufunga msimu uliotangulia, akapimwa akakutwa na 202.1. Akaondoka. Charles Rhodes akapimwa akatoka na 199.2 na alishangilia kama aliyefunga kikapu cha ushindi. Sheria ikafutwa mwaka uliofuata.

#8 Ribaundi
Sentimita mbili na nukta moja zimemtoa mfungaji bora kazini! Basi nakubali kidogo kwamba si kila anayehama kashindwa. Kidogo, Asha, usishangilie bado.

#9 Senta Mstaafu
Nilikuwa nasoma tu, lakini hili nimeliishi. Misimu minane, nchi tano. Si jina mnalolijua. Nilicheza madaraja ya kati, pale ambapo mechi haionyeshwi popote isipokuwa kamera moja iliyofungwa ukutani.

Kuna msemo kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko jembe nilipewa siku ile ile. Nilitua usiku, asubuhi nikapelekwa hospitali kupimwa moyo na viungo, jioni mazoezi, kesho yake mechi. Sijui jina la mchezaji hata mmoja, sijui lugha, na kocha anataka pointi 20. Timu ikishindwa, lawama ya kwanza ni ya mgeni. Wazawa wana familia jukwaani, wana jina mjini, wewe una begi.

Klabu moja, jina naliweka kando, ilinilipa miezi miwili kwa wakati. Wa tatu ukachelewa siku 40. Wa nne nikaambiwa mfadhili bado hajaingiza. Katikati ya msimu wakabadili kocha. Mpya alitaka senta anayerusha kutoka mbali, na mimi kazi yangu ni chini ya pete. Niliitwa ofisini baada ya mazoezi, dakika tano, nikapewa siku tatu kurudisha ufunguo wa nyumba na wa gari. Wastani wangu wakati huo ulikuwa pointi 14 na ribaundi 9 kwa mechi, yaani mipira iliyokosa pete nikaidaka. Sikuwa nacheza vibaya.

Gegedu la goti langu lilichanika nchi ya nne. Sikusema. Ukisema, mwakani hupimwi, unaachwa tu. Nilifunga bandeji nikamaliza msimu kwa sababu nilihitaji takwimu za kupata mkataba wa tano. Nilipata. Na ndio ulikuwa wa mwisho.

Lakini niulizeni kama najuta. Sijuti. Nimejenga, nimesomesha wadogo zangu wawili, nimejifunza lugha mbili ukubwani. Anayesema mtu wa namna hii kafeli anahesabu vikombe tu.

#10 Kona Tatu
Senta, heshima yako. Nimesoma mara mbili.

#11 Gadi wa Zamani
Nikiongezea kwa Senta: hamjataja mawakala. Mimi naamini nusu ya uhamaji huu ni wao. Wakala anapata asilimia 10 ya mkataba. Mchezaji akitulia, wakala hana habari mpya ya kuuza. Simu ya Julai huwa ni ile ile: "Kuna klabu inakutaka, ongezeko dogo, ila amua leo."

#12 Msomi wa Mikataba
Hapa natofautiana nawe. Asilimia 10 ndiyo kawaida, na mara nyingi hulipwa na klabu, haikatwi kwa mchezaji. Ila wakala anaipata hata mkataba ukirefushwa pale pale. Kwa hiyo hana haja ya kukuhamisha ili apate. Ana haja ya mshahara wako kupanda. Na mshahara hupanda kwa kuhama: ukiwa mfungaji bora ligi ndogo, klabu yako haina uwezo wa kukuongezea, ya ligi ya juu inao. Anayehama kila mwaka huenda anapanda ngazi.

#13 Gadi wa Zamani
Anayepanda, ndiyo. Mimi nilihama mara nne na mara tatu nilikuwa nashuka. Simu ilikuwa ile ile.

#14 Mzee wa Takwimu
Jingine: idadi ya klabu inadanganya. Ligi hazifuati kalenda moja. Australia wanaanza karibu Oktoba na kumaliza karibu Machi, halafu New Zealand wanacheza majira yao ya baridi, kwa hiyo wachezaji wengi hufanya zote mbili ndani ya mwaka. Wengine wakimaliza Ulaya wanapanda ndege kwenda Puerto Rico, ambako ligi inachezwa hadi katikati ya mwaka. Mtu ana klabu kumi kwa miaka mitano na hajafukuzwa hata mara moja. Ni kama mkulima mwenye mashamba mawili yenye misimu tofauti.

Na kuhusu pesa, kumbukeni ligi ya maendeleo ya NBA. Msimu wa 2018–19 ililipa dola 35,000 kwa miezi mitano. Mchezaji wa kiwango kile kile anaweza kupata zaidi ya hapo nje, tena akipewa nyumba, gari na tiketi za ndege. Wengi hawakutupwa nje ya Marekani. Walipiga hesabu wakaondoka.

#15 Mama wa Wawili
Mnasahau wanaobebwa kwenye hayo mabegi. Mume wangu alicheza nje misimu sita. Misimu mitatu ya kwanza nilimfuata. Mtoto wa kwanza alianza shule katika lugha ambayo sisi wazazi hatuiwezi, Machi akaanza kuota kwa lugha hiyo, Juni tukafunga virago. Mwaka uliofuata lugha nyingine. Alipofika miaka mitano akaacha kuzungumza na watoto wenzake kwa miezi kadhaa, na daktari alituambia hana ugonjwa, amechoka kuanza upya.

Tukaamua mimi na watoto tubaki. Misimu mitatu iliyobaki tuliishi kwa simu. Alikuwa akimaliza mechi usiku wa kwao, kwetu watoto wameshalala, kwa hiyo alikuwa anaongea na mimi nikiwa nimeshika simu karibu na uso wa mtoto aliyelala ili aone anavyopumua. Hakuna takwimu inayoandika hilo.

Mume wangu aliacha bado ana nguvu, na klabu mbili zilikuwa zinamtaka. Kwa hiyo kwenye orodha ya sababu ongezeni: wengine wanahama kutafuta mahali ambapo familia inaweza kukaa, na hawapapati.

#16 Asha Pasi Ndefu
Mama wa Wawili, pole na hongera. Mtoto yuko sawa sasa?

#17 Mama wa Wawili
Anaendelea vizuri sana, asante. Anapenda hesabu. Kikapu hataki hata kukiona.

#18 Msomi wa Mikataba
Kwa Senta (#9), kuhusu mishahara iliyochelewa. Mkataba wako ulikuwa na kifungu cha mahakama ya usuluhishi ya FIBA, shirikisho la kikapu duniani? Ile inayoitwa BAT. Ilianzishwa 2007 na makao yake ya kisheria ni Geneva. Uzuri wake ni kwamba msuluhishi ni mmoja, na kwa kawaida anaamua kwa haki na usawa bila kufungwa na sheria za nchi ya klabu. Klabu ikikaidi uamuzi, FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wa kigeni. Hapo ndipo fedha iliyokosekana miaka miwili hupatikana. Lakini lazima kifungu hicho kiandikwe kwenye mkataba. Kisipokuwemo, unabaki na mahakama za nchi ile na lugha yake.

#19 Senta Mstaafu
Msomi, mkataba wa klabu ile haukuwa nacho. Nilisaini kurasa mbili nikiwa uwanja wa ndege. Mkataba uliofuata nilikidai kwanza kabla hata ya kuuliza mshahara. Nilidai pia barua ya FIBA ya kuruhusu uhamisho itolewe bila masharti, maana klabu yenye deni nawe ndiyo hiyo hiyo inayojaribu kuikalia.

#20 Ribaundi
Bado sijasikia jibu la upande wa pili. Wapo waliotulia. Stephon Marbury alitoka NBA kila mtu akisema kaisha, akaenda moja kwa moja Beijing, akawapa ubingwa mara tatu, wakamjengea sanamu. Mtu mzuri hutulia.

#21 Asha Pasi Ndefu
Hakuenda moja kwa moja. Mwaka 2010 alianzia Shanxi, kisha Foshan, ndipo akafika Beijing 2011. Ubingwa ni 2012, 2014 na 2015. Yaani hata Marbury ilibidi ahame mara mbili ndani ya China kabla ya kupata nyumbani. Umenipa mfano wangu mwenyewe!

#22 Kona Tatu
Na Mmarekani Justin Brownlee kule Ufilipino. Mwaka 2016 aliitwa na Barangay Ginebra kuziba nafasi ya mgeni aliyeumia kidole gumba. Akafunga kikapu cha ubingwa na hajaondoka mioyoni mwao. Mwaka 2023 wakampa uraia, na mwaka huo huo Ufilipino wakachukua dhahabu ya Michezo ya Asia, ya kwanza tangu 1962. Kuja kwa bahati ya jeraha la mwenzako na kuishia raia, hiyo nayo ni njia.

#23 Gadi wa Zamani
Siku hizi kila timu ya taifa inajaza Wamarekani namna hiyo.

#24 Mzee wa Takwimu
Haijazi. FIBA inaruhusu mmoja tu kwa kila timu ya taifa, yule aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Lakini huyo mmoja anaweza kubadili historia. Mmarekani J.R. Holden alipita Latvia, Ubelgiji na Ugiriki kabla ya CSKA Moscow. Fainali ya Ulaya 2007, mjini Madrid, akaifungia Urusi kikapu cha mwisho dhidi ya Hispania, 60 kwa 59. Bo McCalebb naye aliifikisha Macedonia nafasi ya nne Ulaya mwaka 2011, wakiwatoa wenyeji Lithuania robo fainali. Watu wawili ambao kwa hoja ya yule anayebishana na #1 "hawakutakiwa popote".

#25 Msomi wa Mikataba
Pasipoti kwenye kikapu ni sehemu ya kipaji, niamini. Mwaka 2000 Umoja wa Ulaya ulisaini mkataba wa Cotonou na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki. Hispania, kwa mfano, wachezaji wa nchi hizo wakaacha kuhesabiwa kwenye nafasi za wageni. Matokeo yake mchezaji wa kawaida mwenye pasipoti ya mojawapo ya nchi hizo aliweza kupata kazi ambayo Mmarekani mzuri kuliko yeye hakuipata, kwa sababu yeye hakujaza nafasi ya mgeni. Kuna Wamarekani waliocheza Ulaya kwa pasipoti za nchi za Afrika kwa sababu hiyo. Vijana wetu wengi hawajui kwamba mfukoni wanaweza kuwa na kitu ambacho wengine wanakitafuta.

#26 Mpira Juu
Nashukuru wote. Naomba niseme ukweli sasa. Niliyesema nabishana naye ni baba yetu, na mchezaji ni mdogo wangu. Ana miaka 23, gadi, na amepata mkataba wa kwanza wa nje, daraja la pili, mwaka mmoja. Baba anasema mwanamume asiye na mahali ni kama maji juu ya jani. Mimi ndiye nilimfundisha dogo kurusha, kwa hiyo ikienda vibaya itakuwa juu yangu. #25 imenifungua macho, sikujua kabisa.

#27 Ribaundi
Mkuu, ungesema mapema, tusingetupiana maneno hivi. Mimi nasimamia hoja yangu kwamba wengi hawafiki mbali. Lakini miaka 23 aende. Akibaki hatajua.

#28 Mama wa Wawili
Aende. Ila aende peke yake kwanza, na mkubaliane siku ya kuongea ambayo haivunjwi hata wakishindwa mechi. Hasa wakishindwa mechi.

#29 Gadi wa Zamani
Wakala ni nani? Ana leseni ya FIBA? Usinichoke kwa hili, lakini uliza.

#30 Senta Mstaafu
Mpira Juu, soma kifungu cha vipimo vya afya. Angalia kinasema klabu ina siku ngapi za kumpima tangu atue, na kwamba siku hizo zikipita bila pingamizi la maandishi basi amefaulu. Kikiwa wazi bila siku, wanaweza kukumbuka kumpima mwezi wa pili siku wakitaka kumwacha. Pili, angalia kama kuna kipindi cha majaribio. Kama kipo, mshahara haujahakikishwa, hata kama neno hilo limeandikwa ukurasa wa kwanza. Tatu, akiumia kazini nani analipa upasuaji na hadi lini. Hilo mimi sikuliuliza.

#31 Mpira Juu
Nimesoma. Vipimo ni siku tatu, imeandikwa. BAT imo. Wakala ana leseni, nimemkuta kwenye orodha. Majaribio yamo, wiki mbili, nimemwambia wakala ayaondoe au wafupishe, anasubiri jibu. Kuhusu upasuaji hakuna neno hata moja, nimeomba waongeze.

Baba nimemsomea uzi wote jioni hii. Ya Tucker aliisikiliza, ya Marbury akasema huyo alikuwa tajiri tayari. Kwenye #15 alinyamaza muda mrefu. Kisha akanirudisha #9, nikaisoma tena. Hajasema ndiyo wala hapana. Ameuliza swali moja tu, kwamba goti la huyo bwana lilipona?

#32 Senta Mstaafu
Msalimie mzee, mwambie shikamoo. Ngazi napanda vizuri. Kushuka nashuka kwa upande, nimeshika ukuta. Kama ana namba, nipe kwenye ujumbe wa faragha, nitampigia mwenyewe.